Mtungi wa Samaki, Mtungi wa Baa

Jumatatu
Regaleta imefika kutoka Marekani. Haiingii. Uzi wa kule ni wa inchi 0.825, na mtungi wetu umefuata mtindo wa Kiingereza, inchi 0.860. Fundi akatoa utepe mweupe wa mabomba, akasema tuuzungushe mara kadhaa kisha tukaze kwa spana kubwa. Nimekataa. Ndani ya mtungi kuna presha ya zaidi ya bar 60, na watoto wa wageni hukimbizana hapo hapo mapokezi ya hoteli.

Mhudumu wa baa alisikia tukibishana. Akaniletea regaleta yake ya akiba, ile ya bia, nayo ikaingia vizuri. “Chukua, kaka. Gesi si ni ile ile?” Ni ile ile. Kaboni dioksaidi inayotia povu kwenye bia ndiyo chakula cha mimea yangu.

Tangi la samaki lina urefu wa sentimita 240, upana 70 na kimo 60, yaani karibu lita 1,000. Mimea yote ni ya Afrika: Anubias barteri, Bolbitis heudelotii, na Crinum calamistratum ya Kameruni yenye majani membamba yaliyojikunjakunja. Samaki ni tetra wa Kongo. Taa ni kali, lakini Bolbitis imedumaa na mwani mweusi umeanza kushika kingo za majani. Maji yaliyo wazi kwa hewa hubaki na karibu nusu miligramu ya gesi hii kwa lita, na gesi hutembea ndani ya maji polepole kuliko hewani, kama mara 10,000. Mmea unaona mwanga wote ule na hauna cha kuufanyia. Nataka kuifikisha gesi kwenye miligramu 30 hivi kwa lita.

Jumanne
Nimefungua koki ya mtungi. Regaleta ikapiga barafu nyeupe, mpira ukaanza kurukaruka. Nimefunga mara moja.

Mtungi ulioletwa ni wa kuzimia moto. Ndani yake kuna mrija unaoshuka hadi chini, ili uvute gesi ikiwa bado kimiminika. Kwa moto ni sawa kabisa. Kwa samaki tunataka mvuke wa juu, kwa hiyo mtungi lazima usiwe na mrija. Mwenye duka amekubali kubadilisha, ila gari lake litapita kesho jioni.

Jumatano
Mtungi mpya, kilo 10, hauna mrija. Meneja angependa ukae stoo kando ya jiko, usionekane. Nimepima joto la stoo: nyuzi 34. Ikipita nyuzi 31 gesi hii haikai tena kama kimiminika, na presha hupanda kwa kasi. Tena, ikivuja chumbani humo, hutuama chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na wapishi huinama kuchukua vitunguu. Nimemweleza yote hayo, naye amekubali kabati la chini ya tangi, lenye matundu, mtungi wima na mnyororo kiunoni.

Kisha kazi niipendayo. Kwenye tangi dogo watu hutumia kijiwe cha kupulizia viputo. Katika lita 1,000 viputo hupanda na kupasukia juu, na gesi nyingi inaishia dari ya hoteli. Kwa hiyo nimetengeneza riakta: bomba la PVC lililosimama wima kwenye njia ya maji yatokayo kwenye filta. Maji huingia juu yakishuka, gesi huingia yakiwa njiani na kujaribu kupanda, na vyote vinasukumana humo hadi gesi iyeyuke. Upande wa kutokea hupati kiputo hata kimoja. Nimepaka sabuni kila kiungo. Povu lilitoka kwenye nati moja, nimebadilisha wosha.

Kuhesabu viputo kwa sekunde hakunisaidii hapa, vinaungana kuwa mkondo. Napima pH. KH (ugumu wa kaboneti) ya maji yetu ni 6. Asubuhi kabla ya gesi pH ni 7.8, na ikishuka hadi 6.8 gesi imeongezeka mara kumi, karibu miligramu 28 kwa lita. Taima inafungua vali saa mbili kabla ya taa, inafunga saa moja kabla hazijazimwa.

Ijumaa
pH 7.7 mchana. Mlinzi alichomoa plagi za vali na taa usiku achaji simu, naye alirudisha plagi ya taa tu. Nimempa soketi yake mwenyewe upande wa pili wa nguzo, na ameshukuru.

Jumamosi
Harusi ukumbini. Gesi ya baa ikaisha katikati ya sherehe, na mtungi wangu ukaondoka pamoja na regaleta. Sina la kumwambia mhudumu, regaleta ni yake. Lakini mimea inaumia zaidi kwa kupanda na kushuka kuliko kwa uchache. Mmea ukizoea kidogo, huishi kwa kidogo. Ukipewa leo ukanyimwa kesho, majani hulegea na mwani unapata pa kushika.

Jumapili
Mtungi umerudi usiku wa manane. Nimefika saa nne asubuhi, tetra wote wako juu wakihema kwa midomo. Kichupa cha rangi cha kupimia gesi ndani ya tangi bado kijani kibichi, kana kwamba gesi haijazidi, maana huchelewa saa nzima au mbili kusema kweli. pH 6.4.

Gesi nilikuwa sijaigusa. Kilichobadilika ni bomba la kurudishia maji. Mgeni mmoja alilalamikia sauti ya maji, kwa hiyo msichana wa mapokezi akaliinamisha chini. Uso wa maji ukatulia tuli, gesi ikakosa pa kutokea na oksijeni pa kuingilia. Nimefunga koki, nimeinua bomba, nimewasha pampu ya hewa. Saa saba samaki wameshuka, dume mkubwa akatangulia. Hakuna aliyekufa.

Nimekaa na dada wa mapokezi nikamwonyesha: mawimbi haya madogo yanapoteza gesi kidogo, na tunakubali hasara hiyo kila siku kwa sababu samaki wanapumua. Mmea utasubiri wiki. Samaki hasubiri dakika kumi. Ameuliza maswali mazuri, hasa kuhusu usiku, mimea inapotumia oksijeni badala ya kuitoa.

Jumatatu
Meneja ameidhinisha mtungi wa pili. Mimi na mhudumu wa baa tumepima yote miwili kwa mzani wa jikoni na kuandika uzito kwenye karatasi, kwa sababu geji haisemi: kwa nyuzi 25 itaonyesha bar 64 hadi tone la mwisho la kimiminika, kisha itaanguka. Hapo ndipo regaleta ya hatua moja inaweza kumwaga gesi nyingi kwa ghafla. Tumebandika majina, BAA na SAMAKI.

Regaleta yake anaitaka kabla ya harusi ya Ijumaa. Natafuta ya hatua mbili, uzi 0.860.