Likizo ya Ziwani kwa Watoto wa Masisi

Wazazi wa Ulaya na Marekani hulipa maelfu ya dola kupanda meli ndogo kwenda Alaska au Galápagos, ili watoto wao waonje pori. Masikini! Mtoto apimwe kwanza umri, avalishwe jaketi la kuokolea, kisha asikilize hotuba ya usalama mpaka asinzie. Hiyo nayo safari?

Sisi wa mashariki mwa Kongo hatuna ubaguzi huo. Vita vilipoifunga barabara ya Sake kwenda Goma mwaka 2024, mtoto wa Masisi aliyekimbilia Minova alifunguliwa Ziwa Kivu lote. Alipanda boti ya Goma, akakalia gunia la maharagwe, akapakatwa na abiria asiyemjua. Umri haukumhusu mtu. Usajili nao ulikuwa mwepesi: boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipozama mbele ya bandari ya Kituku mjini Goma tarehe 3 Oktoba 2024, watu wakiitazama kutoka ufukweni, kila mkubwa alitoka na hesabu yake ya waliokufa. Ni ushahidi tosha kwamba abiria hawakubughudhiwa na makarani.

Wapo wanaonung'unika eti hatuna barabara. Waende Walikale! Pale Kilambo barabara ilikuwa safi hata ndege zikawa zinatua juu yake, kupakia kasiteriti, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie. Na ilikuwa haki. Kasiteriti huwezi kuirundika kwenye boti ukaiombea dua. Ile ni jiwe, haijui kuogelea.