Dakika Kumi za Fundi Rangi

Mafundi rangi wa Dar es Salaam hawana shida na saa. Wana kidole. Fundi akitaka kujua kama beisi, yaani rangi yenyewe, imekauka kiasi cha kupokea klia, ile vanishi ya juu inayong'aa, anagusa tepu ya karatasi iliyobandikwa pembezoni mwa kioo, maana nayo imerukiwa na rangi ileile. Gari lenyewe haligusi. Kipimo hiki ni kizuri na kina kasoro moja tu: kila apitaye gereji ana kidole, na habari za tepu hajapewa.

Wa kwanza kuugusa mlango wa gari langu alikuwa muuza kahawa. Wa pili, jirani aliyekuja kuazima jeki. Huyo aligusa, akatazama kidole chake, akagusa tena pembeni ili kuhakikisha.

Gari ni Toyota ya mwaka 2004, silva ile ambayo kwenye kibati chake imeandikwa 1F7. Mlango wa kushoto ulikwanguliwa na kijana wa bodaboda ambaye alisimama, akautazama, akanipa pole kwa unyenyekevu mkubwa, akaondoka. Na silva ni rangi yenye madeko. Ndani yake mna chembechembe za alumini zinazotakiwa zilale zitulie kabla klia haijafika. Ukipuliza klia beisi ikiwa bado mbichi, chembe zinaamka na kuanza kuogelea, na mlango unatoka na mawingu. Halafu kuna thina. Ukiifungia chini ya klia itatafuta pa kutokea, na itatoboa vitundu, hasa gari likianikwa juani. Pale gereji palikuwa na gari la bwana harusi mmoja aliyemharakisha fundi. Boneti ilitoka na chunusi nyingi kuliko bwana harusi mwenyewe.

Basi mtu asubiri kiasi gani? Maelezo ya kopo la beisi yalisema dakika kumi na tano hivi, kwenye nyuzi 20. Nyuzi 20 Dar es Salaam huzionja alfajiri ya Julai, saa ambayo fundi bado amelala. Mchana wa Februari kopo halisaidii kitu, ndiyo maana nakiheshimu kidole.

Tatizo si kidole. Tatizo ni fundi anaposema, “Bosi, dakika kumi tu, tunapiga klia.” Ndani ya dakika kumi hizo hutoshea chakula cha mchana, simu ya shemeji, na mjadala wa Simba na Yanga ambao haujapata mshindi tangu nianze kuleta gari pale. Safari hii zikatoshea pia kukatika kwa umeme. Ilikuwa Ijumaa alasiri, beisi imetulia vizuri, klia imeshachanganywa na hadina, vipimo viwili kwa kimoja. Kompresa ikanyamaza. Klia iliyotiwa hadina haijali umeme upo au haupo, yenyewe inaendelea kukaza. Asubuhi yake kijiti cha kukorogea kilikuwa kimesimama wima. Dogo wa gereji alipojaribu kukichomoa, alinyanyua kijiti, klia na kikombe kwa pamoja.

Umeme ulirudi Jumamosi usiku. Jumapili gereji imefungwa, Jumatatu kuna msiba. Jumanne fundi akasema beisi imepitiliza, ipigwe msasa kidogo na kurudiwa. Mwenye gereji akamshangaa: “Si imekauka? Sasa unasubiri nini?” Mimi sikuwepo, lakini nakiri hoja ile ina mantiki: kwa mambo mengi ya dunia, kilichokauka zaidi ndicho kilichokauka vizuri. Beisi haiko hivyo. Klia huitaka ikiwa kavu usoni na bado laini kidogo ndani, ili viwili vishikane. Rangi nyingi hukupa muda wa hadi saa 24; ukishapita, klia inakaa juu juu tu. Ikapigwa hivyohivyo, ikang'aa, nikalipa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye sehemu ya kuoshea magari. Kijana akaelekeza mpira wa presha ukingoni mwa mlango, kikabanduka kipande kirefu, cheupe, unaweza kuona ng'ambo yake. Akaniletea kwa mikono miwili. “Shikamoo mzee. Hii nailoni ya kiwandani ulikuwa hujaitoa?”

Mara ya pili masharti aliweka fundi mwenyewe. Kazi ikaanza asubuhi mapema, jenereta ya kukodi ikinguruma nyuma ya ukuta, sakafu imemwagiwa maji vumbi lilale. Muuza kahawa alilipwa mauzo yake yote asimame ng'ambo ya barabara. Mwenye gereji alitumwa Kariakoo kununua msasa ambao tayari tulikuwa nao. Beisi ikapigwa nyembamba, ikafubaa, ikapigwa tena, ikafubaa. Mwenye gari asiyezoea hupiga kelele hapo, akidhani ameharibiwa, kumbe kufubaa ndiko kunakotakiwa. Fundi akagusa tepu. Kavu. Klia ya kwanza ikaenda, kisha akaketi juu ya tairi bila kusema na mtu. Nikatazama simu yangu: dakika kumi kamili, za kweli. Klia ya pili ikaenda, mlango ukawa kioo.

Nzi akatua katikati.

Dogo alinyoosha mkono. Fundi akamdaka kifundo. Nzi wa kwenye klia hatolewi, anaachwa akauke naye, kisha anapigwa msasa wa maji namba 2000 na polishi. Kwa hiyo sote tukasimama kumtazama akihangaika, kisha akachoka. Siku zilizofuata fundi alimsugua kwa uangalifu mkubwa, akaondoa mbawa, kiwiliwili na miguu mitano, akakomea hapo, kwa kuwa akichimba zaidi angeifikia beisi na tungeanza upya. Mguu wa sita upo hadi leo juu kidogo ya kitasa, na mwanangu huwaonyesha wageni kabla hawajakaribishwa ndani.