Sifa za Mfagiaji Asiyealikwa

Wengine wamesifu simba, mvua na wake zao. Mimi namsifu Mfagiaji: ile mistari michache ya msimbo inayokuja baada ya kila jaribio la programu, ikafuta faili, ikafunga databesi na kurudisha vitu kama vilivyokuwa. Nimekaa naye miaka minane hapa Kanduyi, malori ya Malaba yakinguruma chini ya dirisha, na amenitesa kuliko stima.

Nasaba yake ni njema. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit wakiwa ndani ya ndege kuelekea Marekani, na humo wakawapa makao pacha wawili: setUp anayeandaa, tearDown anayeondoa. Huyu wa pili ndiye wangu.

Fadhila yake kuu ni kwamba jaribio lifaulu au lianguke, yeye huja. Fikirieni harusi. Bibi harusi amekataa mbele ya mchungaji, bwana harusi ameondoka na boda, wazee wanadaiana ng'ombe. Nani amebaki? Mama mmoja nyuma ya jiko, anasugua sufuria. Hajauliza nani kaoa. Zivunjike harusi mia nne kwa dakika moja, mama atasugua sufuria mia nne, na ya mwisho itang'aa kama ya kwanza, ili harusi ya mia nne na moja ianze kana kwamba duniani hajawahi kukataliwa mtu. Tena ni mwanasheria. Katika unittest ya Python, setUp akianguka njiani, mama haji kabisa. Hema limelala, mchuzi umemwagika, naye yuko kwake: sherehe haikuanza, nisafishe nini?

Zaidi ya hayo hana chama, haombi chai, na hajawahi kukata utepe.

Tena anajiheshimu. Katika JUnit ya zamani, ukimwandika kwa d ndogo haitiki. Hatoi onyo, hanung'uniki, ananyamaza tu. Siku tatu! Siku tatu nilitafuta kwa nini jaribio linapita likiwa peke yake na kuanguka likiwa na wenzake, kumbe ni herufi moja, na bosi kwenye simu ananiambia, "Wewe endesha tena tu, litapita." Litapita! Mtoto mwenye homa ya kuja na kuondoka, utasema amepona kwa sababu leo amecheza?

Mniwie radhi. Nilikuwa nasifu.

Kabla yangu, bosi huyo alikuwa amemfukuza Mfagiaji kwenye programu ya sacco moja ili kuokoa muda, na kuokoa gharama majaribio yakaendeshwa kwenye databesi ya wanachama wenyewe. Ndivyo alivyobaki Wafula Jaribio, mwanachama asiye na mama wala kitambulisho. Mwisho wa mwaka alipata gawio. Nilipotaka kumfuta nikapigiwa simu: "Huyo mwache kwanza." Siku hiyo nilijua kwamba uchafu nao una wenyewe.

Na wako wengi. Sisi ni watu wa setUp. Tarehe 1 Juni 2024 Madaraka Dei ililetwa hapa hapa, Uwanja wa Masinde Muliro, kwa gwaride na mizinga. Kesho yake nani aliwapigia saluti wenye mifagio? Vifaa si shida. Mwaka 2015 kaunti yetu ya Bungoma ilinunua wilbaro 10, kila moja kwa Sh109,320. Wakati wa kununua ufagio, kila mtu hupenda usafi. Ni wakati wa kufagia ndipo simu hulia.

Wafula Jaribio yungali hai. Katika mkutano mkuu uliopita alihesabiwa, na akidi ikatimia. Sasa ameomba mkopo. Mdhamini wake ni Nekesa Jaribio.