Staringi wa Darasa la Sita

Kishikwambi changu ni mstaafu wa sensa. Mwaka 2022 kilizunguka nyumba kwa nyumba na karani, kikauliza watu umri, idadi ya watoto na aina ya choo, kikatoa mchango wake katika kuhesabu Watanzania 61,741,120. Sensa ilipokwisha, serikali ikavigawa vishikwambi kwa walimu, nami nikapata hiki. Tangu siku hiyo, kifaa kilichosaidia kuhesabu taifa kimeshindwa kuhesabu wanafunzi 94 wa Darasa langu la Sita. Kila nikifungua sehemu ya mahudhurio kinadai nywila. Nywila niliiandika kwenye kikaratasi, na kikaratasi mke wangu akafungia chumvi.

Nafundisha shule moja ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga, kwenye machungwa mengi na joto lisilo na haya. Watoto wangu ni wazuri asubuhi. Shida ni kipindi cha mwisho, makande yakishatua tumboni na bati likianza kulia kwa jua. Saa hiyo ukiuliza swali, anayejibu ni jogoo wa jirani.

Basi tukaitwa semina ya TEHAMA. Mwezeshaji, kijana nadhifu mwenye kurunzi ndogo ya kutupa kidoti chekundu ukutani, akatueleza habari za mbinu shirikishi. "Mtoto wa leo," akasema, "akiona picha inatembea, halali." Tukapiga makofi, tukala wali kuku, tukasaini posho. Nikarudi Muheza nawaka. Mada iliyokuwa mbele yangu ilikuwa volkano, nami kwa miaka 11 nimekuwa nikichora ubaoni mlima ambao kila darasa linadhani ni kichuguu. Safari hii wangeuona mlima wenyewe: Ol Doinyo Lengai, ule wa kule karibu na Ziwa Natron, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Nikapakua video. Nikaazima projekta kwa jamaa anayepiga picha za harusi. Kwenye andalio la somo, sehemu ya zana, nikaandika "projekta" kwa mwandiko wa kujivuna, nikapigia mstari.

Tatizo la kwanza lilikuwa jua. Darasa letu lina madirisha sita yasiyo na pazia, na projekta mchana kweupe ni sawa na kuwasha kibatari uwanjani. Nikawaagiza watoto: kesho kila mwenye kanga nyumbani aje nayo. Zikaja kanga 31, nyingine mbichi, zimeanuliwa kambani bila mwenyewe kuulizwa. Tukazitundika madirishani. Sasa, mimi nimewazoesha wanafunzi wangu kanuni moja: kilichoandikwa mbele tunakisoma wote, kwa sauti, kwa pamoja. Naomba msomaji uikumbuke kanuni hiyo, maana mimi niliisahau.

"JAPO SIPATI TAMAA SIKATI!" likaanza darasa, watoto 94, kama kwaya. Dirisha la pili: "SINA SIRI NINA JIBU!" Mwalimu mkuu, ambaye ofisi yake iko ng'ambo ya ukuta, akachungulia kuuliza mada ya leo ni ipi. Nikamwambia ni volkano. Akatazama kanga, akanitazama mimi, akaondoka bila neno.

Nikatundika shuka langu jeupe, nikachomeka waya, nikawasha. Ikatoka rangi ya bluu. Nikachomoa, nikachomeka. Bluu. Nikapuliza tundu la waya, kama tulivyokuwa tukipuliza redio ya babu. Bluu ileile, safi, isiyo na mlima. Jasho likanitoka. Ndipo ikasikika sauti kutoka dawati la mwisho:

"Mwalimu, samahani. Umechomeka sawa, ila hujaiambia picha iitoe wapi."

Nikamjua mara moja. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemkamata kijana huyu kwenye kibanda umiza, saa za masomo, amekaa mbele kabisa anatazama filamu. Nikampa adhabu ya kung'oa kisiki cha mwembe nyuma ya jiko la shule, na alikuwa bado hajakimaliza. Kumbe kule kibandani hakuwa mtazamaji tu. Mwenye kibanda alikuwa akimtuma kuunganisha nyaya kwa malipo ya kuingia bure. Akaja mbele, akabonyeza kitufe nilichokuwa nimekiogopa tangu asubuhi, na kishikwambi changu kikatokea chote kwenye shuka, kikubwa kuliko mlango.

Darasa likashangilia. Nami nikageuka kuinama kidogo, kama mtu anayepokea zawadi. Nikiwa bado nimeinama, ujumbe ukaingia kwenye WhatsApp yangu, ukashuka juu ya shuka kwa herufi za kutosha kusomeka hadi barabarani. Kanuni ni kanuni. Watoto 94 wakasoma, kwa sauti, kwa pamoja, wakizingatia hata alama ya kuuliza:

"MWALIMU, LILE DENI LA MCHELE NA MAFUTA LEO SIKU YA NGAPI?"

Kimya. Ng'ambo ya ukuta nikasikia kiti cha mwalimu mkuu kikisogezwa.

"Tuendelee na volkano," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetamani moja ilipuke hapohapo.

Video ikaanza, na mlima ukaonekana, lakini haukuwa na sauti. Spika sikuwa nayo, na spika ya kishikwambi husikika na mwenye kukishika tu. Isitoshe, yaliyokuwa yakitiririka kwenye picha hayakuwa moto mwekundu ambao watoto waliusubiri. Lengai haifanani na volkano nyingine duniani. Lava yake hutoka nyeusi na nyepesi, inatiririka kama oili chafu ya gari, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, wakati lava ya kawaida huvuka nyuzi 1,000. Nikaanza kueleza hayo kwa lugha ya kitabu. Kufika "muundo wa kikemikali", vichwa vya mstari wa tatu vikaanza kuinama.

Sijui nilipata wapi wazo lile. Nadhani ni kukata tamaa tu. Nikamwambia kijana, ambaye alikuwa bado amesimama kando ya projekta: "Hebu wewe simulia, kama wanavyosimulia kule kwenu."

Aliyewahi kuingia kibanda umiza anajua. Kule filamu ya Kichina au ya Kimarekani haitazamwi hivihivi, ina msimulizi anayeingiza Kiswahili juu yake, na watu wengi huenda kumfuata yeye kuliko filamu. Kijana akakohoa, akaikunja sauti ikawa nzito kuliko umri wake.

"Wadau, kaeni vizuri. Mnayemwona anachemka pale chini ndiye staringi wetu. Jina lake Magma. Amefungwa jela ya mawe miaka na miaka. Leo anatoroka!"

Vichwa vyote vikainuka.

"Anapanda, anapanda... Mlango huo hapo juu, unaitwa kasoko. Anatoka! Na akishatoka nje, wadau, anabadilisha jina ili polisi wasimjue. Sasa anaitwa Lava!"

Darasa likapiga madawati. Nikasogea, nikamnong'oneza habari ya joto. Akaipokea bila kugeuka: "Mnamwona mweusi mkadhani amepoa? Wenzake wamezidi nyuzi elfu, yeye ana mia sita tu, mpole wa ukoo. Haya, mguse uone upole wake!" Picha ikaonyesha miteremko myeupe, akanigeukia kwa macho ya kuuliza. Nikamnong'oneza kwamba lava ya Lengai ikikaa nje siku chache hunyonya unyevu na kugeuka nyeupe, hata mtu wa mbali hudhani ni theluji. "Maisha ya uraiani magumu, wadau. Siku chache tu nje ya jela, staringi kaota mvi!"

Hapo umeme ukakatika. Haukukatika kwa nguvu za Mungu. Uniti za LUKU zilikuwa zimekwisha, na aliyetakiwa kununua alikuwa mimi, tena kwa ile fedha ambayo ningelipia mchele. Nikatoka mbio, nikanunua kwa simu, nikasimama mbele ya mita kuingiza tarakimu 20 za tokeni. Nikakosea mara mbili, kwa sababu miwani nilikuwa nimeiacha juu ya projekta. Niliporudi kuichukua nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuwafokea, kwa kuwa darasa la watoto 94 lililoachwa gizani na kanga 31 halihitaji volkano ili lilipuke.

Nikakuta kimya. Umeme ulikuwa haujarudi, shuka lilikuwa tupu, na watoto wote walikuwa wanalitazama shuka tupu. Kijana alikuwa bado anasimulia. Mlima haukuwepo, na kila mtu alikuwa anauona. Nikapita taratibu, nikakaa mahali palipokuwa na nafasi, dawati la mwisho, dawati lake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa pale. Nikagundua kwamba kutoka huko nyuma ubao hausomeki vizuri, na sauti ya mwalimu huchanganyika na ya jogoo.

Mwisho wa mwezi nikatunga mtihani. Swali la nne: eleza tofauti kati ya magma na lava. Miaka iliyopita swali hilo lilikuwa linaniletea karatasi nyeupe. Safari hii nilisahihisha hadi usiku nikicheka. "Magma ni staringi akiwa jela, lava ni huyohuyo akiwa mtaani." Nikaisoma mara tatu nikitafuta kosa, nikakosa. Nikatoa vema.

Mwezeshaji wa semina alisema kweli nusu. Picha ikitembea mtoto halali, ila picha yangu ilitembea dakika nne tu kabla haijazimika, na watoto walibaki macho dakika 30. Kilichowashika ni mwenzao aliyewasimulia kwa Kiswahili wanachokilipia kwa hiari yao huko nje. Kitaalamu hiyo ndiyo mbinu shirikishi, nami nilikuwa nimeipa jembe ikang'oe kisiki.

Projekta nimeirudisha, na tukipata spika nitaiazima tena. Kijana sasa haji shule kwa kukimbizwa, kwa kuwa kila Alhamisi ana kipindi: mimi nanong'ona, yeye anasimulia. Wiki ijayo ni mmeng'enyo wa chakula, na ameshaniuliza adui atakuwa nani. Kanga zimerudi kwa wenyewe isipokuwa moja, ambayo mwalimu mkuu anasema aliipendea maneno yake. Deni la mchele nimelipa. Kisiki kiko palepale.