Mzazi Msindikizaji

Mzazi msindikizaji ni mtu mzima anayepanda basi la shule pamoja na watoto wa darasa zima kwenda kulala kwenye mahema, kwa kazi ambayo hakuna aliyemweleza. Walimu wana ratiba, matroni ana sanduku la dawa, dereva ana usukani. Yeye ana kofia na nia njema. Kwenye shule za msingi za Dar es Salaam hupatikana kwa njia isiyobadilika. Ujumbe unaingia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi saa mbili usiku, ukiomba wawili wa kujitolea, na ghafla watu waliokuwa wakibishana tangu mchana kuhusu bei ya fulana za michezo wanapotea wote. Anayevunja ukimya kwa kuandika "Hongereni walimu kwa wazo zuri" huhesabiwa amekubali.

Kambi inaweza kuwa ya Bagamoyo, Morogoro au Mikumi, lakini Lushoto ndiyo inayomfichua mzazi vizuri zaidi. Mji uko kwenye milima ya Usambara Magharibi, kimo cha mita 1,400 hivi. Una misitu, njiani kuna maporomoko ya maji ya Soni, na simba hakuna, jambo ambalo mkuu wa shule hulirudia mara tatu kwenye kikao cha wazazi. Lisilotajwa ni kwamba likizo ya Juni huangukia kipupwe. Usiku wa Lushoto miezi hiyo huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na mkazi wa Dar es Salaam baridi anaijua ya kwenye foleni ya benki tu.

Mzazi wa kiume, hasa, hujiandaa kana kwamba anakwenda jeshini, na sababu yake ni ya kihistoria. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi waliomaliza kidato cha sita walipitia huko. Mafunzo hayo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013. Wazazi wengi wenye watoto wa darasa la nne au la tano leo walimaliza shule katikati ya pengo hilo. Kambi wanaijua kwa simulizi za wajomba, na mjomba hasimulii namna ya kufunga hema; husimulia alivyomjibu afande. Kwa hiyo mzazi huyu hutoka kwenye mitumba ya Karume na koti la jeshi la nchi asiyoijua, kamba mita ishirini, kisu cha kukunja na filimbi. Mama msindikizaji hukosea upande wa pili: begi lake lina dawa za maradhi yote isipokuwa lile litakalotokea. Mtoto, aliyepewa orodha na mwalimu akaifuata mstari kwa mstari, anafika na tochi, blanketi, ndala na karatasi za chooni. Kabla hakujapambazuka siku ya pili, mzazi atakuwa ameviazima vyote vinne.

Usiku wa kuamkia safari hutolewa pia masharti. Mtoto humtaka mzazi wake asimwite kwa jina la nyumbani, asikae naye kiti kimoja, asiimbe, na akiulizwa chochote kuhusu utoto wake aseme amesahau. Mzazi huyakubali akidhani ni utani.

Ratiba inasema basi litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Huondoka saa moja na nusu, kwa sababu kuna mtoto aliyesahau mto wake na baba yake amerudi Tegeta kuufuata. Vitafunwa vya siku tatu huliwa kabla ya Chalinze. Hapo basi husimama watu wachimbe dawa, na mzazi hupata wadhifa wake wa kwanza, wa kushika mabegi. Segera hununuliwa machungwa, naye mzazi ndiye anayeyamenya na kuyagawa kwa moyo mkunjufu. Machungwa hayo yataonekana tena baada ya Mombo.

Kutoka Mombo barabara huiacha tambarare na kupanda hadi Lushoto kwa kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Kichefuchefu cha safarini hutokea pale sikio la ndani linapouambia ubongo kwamba mwili unayumba, huku macho, yaliyoganda kwenye simu au kwenye mgongo wa kiti cha mbele, yakisisitiza kwamba mwili umetulia. Watoto wa miaka tisa na kumi ni miongoni mwa wanaosumbuliwa zaidi, na hao ndio shule hupenda kuwapeleka kambini. Kinga inayojulikana ni kukaa viti vya mbele na kutazama barabara kwa mbali. Viti vya mbele wamekaa wazazi.

Zamani mambo haya yalimalizwa na mfuko wa rambo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania, kwa faida kubwa ya mitaro na mifugo, na mahali pake pakachukuliwa na mfuko mbadala, ule laini wa mfano wa kitambaa, ambao ni imara, hutumika tena na tena, na hupitisha maji. Sifa hii ya mwisho hugunduliwa kwenye kona ya nne au ya tano juu ya Mombo, na mgunduzi ni yule aliyeupakata. Mtoto anasema, "Ticha, tumbo." Mzazi anaruka na mfuko, anawahi, anajipongeza, kisha anahisi uvuguvugu gotini. Akiwa bado anatafuta pa kuuweka, mtoto wa pili anaanza, naye hakuchokozwa na kona, amechokozwa na wa kwanza. Hapo matroni huinama na kutoa chini ya kiti chake ndoo ya rangi yenye mfuniko. Alikuwa nayo tangu Dar es Salaam. Hakuna aliyemuuliza.

Kufunga hema ni kazi ya dakika kumi kwa watoto wanne na ya saa moja na nusu kwa mzazi mmoja. Hema la kawaida lina fito mbili zinazokatana juu, chumba cha ndani cha kitambaa na wavu, na turubai la nje la kukinga mvua. Mzazi huanza na turubai. Vigingi, vinavyopaswa kupigiliwa kwa mshazari ili kamba isiving'oe, yeye huvisimamisha wima, tena kwa jiwe, na kila watoto wanapojaribu kusaidia huwaambia, "Ngojeni, ngojeni." Jua likizama, mtoto wake mwenyewe hutumwa na wenzake kuja kulibomoa na kulifunga upya. Hulifunga bila kusema neno na kuondoka bila kuaga.

Chakula hakina mengi ya kusema: ni wali na maharage, na moshi umo. Kuni mbichi humshinda mzazi hata akizimwagia mafuta ya taa, kisha mpishi wa pale kambini huziwasha kwa vijiti vikavu alivyovificha jikoni kwake.

Baada ya kula huja moto wa kambi, nafasi pekee ya mzazi kurudisha heshima yake. Watoto huomba hadithi ya kutisha. Aliye msimuliaji dhaifu ana bahati, maana watasinzia. Aliye hodari huwapa zimwi lenye jicho moja linalopita usiku likihesabu viatu milangoni, huwaona watoto wakisogeleana, na hulala akiwa ameridhika sana. Hesabu yake haikumweka perere.

Perere ni mnyama wa msituni anayekaa juu ya miti na kula majani. Uzito wake ni kilo mbili hadi nne, na wataalamu wa ukoo wa wanyama wamemweka jirani na tembo, jambo lisiloonekana kwa macho. Usiku huita. Huanza kwa mikoromo mifupi mifupi, sauti ikapanda, ikaishia kwenye ukelele ambao mtu wa Dar es Salaam hawezi kuamini kwamba umetoka kwa mla majani. Ukelele huo ukipigwa saa saba usiku, na zimwi likiwa bado bichi vichwani, hema la watu wawili huwa na watu tisa kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kuitafuta tochi. Mzazi, ambaye naye hajawahi kumsikia perere, hutangaza kwa sauti nzito kwamba ni ndege. Kutoka gizani mlinzi humjibu, "Perere huyo, mzee. Laleni."

Hawalali. Mmoja husema anataka kwenda chooni, na kwa kuwa hakuna atakayekubali kubaki, huenda wote, wakimtanguliza mzazi. Anayemulika ni mtoto, maana simu ya mzazi imekwisha chaji kwa kupiga picha. Wakirudi, aliyeanza husema safari hii sasa anataka kweli.

Alfajiri matone baridi humdondokea mzazi usoni, naye hukurupuka nje kuokoa viatu vya watoto na mvua. Nje nyota zote zipo. Pumzi za watu tisa waliofungiwa zimegusa kitambaa kilichopoa, zikageuka maji. Akisharudi ndani hukuta nafasi yake imekwisha kuchukuliwa, na hapo ndipo huokota sweta lililo karibu na kujizungushia shingoni, bila kuuliza la nani.

Kisha huja salamu. Watoto arobaini waliolelewa vizuri hupita bombani mmoja mmoja, na kila mmoja ana shikamoo yake. Adabu haikubali marahaba ya jumla. Mzazi huitikia zote akiwa na mswaki mdomoni, na kufika ya ishirini povu limeshafika kwenye koti la jeshi.

Matembezi ya mchana huelekea Irente, kwenye ukingo wa mlima ambako tambarare ya Mazinde huonekana chini, karibu kilomita moja. Mahali hapo mwalimu humkabidhi mzazi kazi ya kuhesabu watoto. Anapata 39 na jasho linamtoka. Anarudia, anapata 41. Wa arobaini na moja ni mtoto wa kijijini aliyejipanga na wenzake, mkononi ana kijiti, na juu ya kijiti kuna kinyonga dume wa Usambara mwenye pembe tatu puani. Mnyama huyu hana sumu na mwendo wake unajulikana. Watoto humzunguka na kuomba kumshika. Mzazi, aliyefundishwa na bibi yake kwamba kinyonga hasogelewi, hukimbia kuelekea upande wa mbali na ukingo, uamuzi ambao ndio wa busara kuliko yote aliyoyafanya tangu Dar es Salaam.

"Yule si baba yako?" watoto humuuliza mwenzao.

"Yule ni msindikizaji," naye hujibu.

Kurudi kuna kona zilezile kwa kuteremka, lakini safari hii wazazi huenda viti vya nyuma wenyewe, na ndoo hupita mkono kwa mkono. Wiki inayofuata grupu la wazazi hujaa picha za soksi moja moja, chupa za maji na ndala zisizolingana, na maswali yote huelekezwa kwa mzazi msindikizaji, kwa kuwa alikuwepo. Kinachotafutwa kwa muda mrefu zaidi huwa ni sweta la bluu la mtoto wa darasa la tano B. Mama yake huuliza Jumatatu, huuliza tena Alhamisi. Jumamosi mwalimu hutuma picha ya pamoja iliyopigwa Irente, na wote huliona, limefungwa vizuri shingoni mwa mtu mzima aliyevaa koti la jeshi.