Sifa za Kibao cha Hamsini

Bahari imesifiwa, minazi imesifiwa, na hata mgombea udiwani aliyeshindwa vibaya alipata angalau wapambe wawili wa kumwimbia. Kibao cha 50 hakijapata mtu. Kimesimama juani kati ya Kibamba na Mlandizi, duara jeupe lenye ukingo mwekundu, kimekula vumbi la greda na moshi wa malori ya Zambia na Kongo, na kila apitaye hukiachia tusi. Leo nakitetea. Katika sifa hizi namuingiza pia swahiba wake, tochi ya kupimia mwendo, pamoja na afande anayeishika akiwa nyuma ya mti.

Tuanze na ukoo, maana hatusifu mtu bila kutaja waliomzaa. Kibao chetu ni mtoto wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyotamka kwamba kwenye makazi ya watu mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na kwamba basi na lori, hata porini, visipite 80. Kwa hiyo ni mzee kuliko wengi wanaokitukana. Upande wa tochi, ukoo unakwenda mbali zaidi. Januari 1896, huko Kent, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alikamatwa akiendesha gari kwa maili 8 kwa saa mahali palipotakiwa 2. Askari alimfukuza kwa baiskeli mpaka akampata. Faini ya mwendo ilikuwa shilingi moja. Kosa lake jingine lilikuwa kutokuwa na mtu wa kutembea mbele ya gari, na hapo kila dereva wa Barabara ya Morogoro atamtambua babu wa mshika bendera wetu wa kwenye matengenezo.

Ila babu ninayempenda zaidi ni Maurice Gatsonides, Mdachi aliyezaliwa Java na kushinda mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1953. Huyu alibuni kifaa cha kupima mwendo ili ajue namna ya kupita kona kwa kasi zaidi. Kifaa kikampendeza kila mtu, hasa polisi. Kamera za barabarani zilizosambaa duniani kwa jina lake zilitokana na uroho wa mwendo wa mkimbiza magari. Mkiona tochi inawaelewa sana, ndugu madereva, ni kwa sababu ni mtoto wa nyumbani.

Enzi ya dhahabu ya kibao hapa kwetu ilianza Desemba 2018, Rais Magufuli alipoweka jiwe la msingi la upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, kutoka njia mbili hadi nane. Mwaka mmoja kabla, nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilikuwa zimeshapigwa X na kubomolewa, kwa kuwa hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Kisha vikaja vijiko, matipa, mashindilia, mapipa yenye mistari, daivasheni zilizobadilika usiku bila kumwambia mtu, na vijana waliovaa reflekta wakichimba mtaro huku magari yakiwapita karibu na visigino. Katikati ya vurugu hiyo yote, kitu kimoja tu kilikuwa na msimamo. Leo lami ilikuwa kushoto, kesho kulia, keshokutwa haipo, lakini kibao kilisema 50, na kesho yake kikasema 50.

Sifa yake ya kwanza ni usawa. Tuna Katiba nzuri inayosema binadamu wote ni sawa, lakini mahali pa kuliona hilo kwa macho ni Maili Moja, Kibaha. Shangingi lenye vioo vyeusi linakuja limejaa haraka za kiserikali, nyuma yake Noah yenye abiria kumi na mmoja na kuku, halafu lori la vigae, halafu bodaboda aliyebeba godoro. Wakifika kwenye kibao wote wanafuatana taratibu, shangingi likimsubiri kuku. Faini nayo ni ya usawa wa aina yake: gari elfu thelathini, bodaboda elfu kumi tangu serikali ilipompunguzia mwaka 2021. Watu watasema shangingi hulipiwa na ofisi. Mimi nasifu kibao, sikagui hesabu za mtu.

Sifa ya pili ni adabu, na hii yataka nikae nayo kidogo, maana tochi imefanikiwa pale ambapo wazazi wengi wameshindwa. Askari kijana anasimamisha gari la mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Poleni na jua."

"Ahsante. Mzee wangu, umekuja na sabini na moja."

"Sabini na moja? Gari hili? Afande, hili hata kwenye mteremko halifiki sabini."

"Basi leo limeweza, mzee, hongera. Picha hii hapa."

Mzee anavaa miwani. Anaiangalia picha aliyotumiwa afande kwenye simu na mwenzake aliyejificha nyuma huko, chini ya mkorosho. Namba ni yake, saa ni ya leo, na hata mkono uliotoka dirishani ni wake, una saa ileile. Hapo ndipo neno afande linapofutika. "Mwanangu," anaanza, na sauti imeshuka, "mimi natoka hospitali ya Tumbi kumwona mgonjwa." Wote wanaotoka upande ule hutoka Tumbi kumwona mgonjwa, na wote wanaokwenda upande ule huwahi msiba. Afande anajua, mzee anajua kwamba afande anajua, na mazungumzo yanaendelea kwa heshima kubwa mpaka namba ya malipo inapotoka kwenye kile kimashine. Nionyesheni ofisi nyingine ambayo mtu anapigwa faini akiagana kwa "haya baba, safari njema."

Halafu kuna udugu. Watanzania wa mjini wamepunguza salamu. Mtu anaishi Kibaha Kwa Mathias miaka minne na hamjui jirani. Lakini mweke mtu huyo barabarani, aione tochi, uone upendo. Atawawashia taa watu asiowajua kilometa nzima: lori la mafuta, basi la Mbeya, mpinzani wake wa kisiasa, hata aliyem-ovateki vibaya juzi. Hakuna harambee wala mkutano wa hadhara uliowahi kuwaunganisha wananchi kwa upesi huo. Na anayewashiwa hushukuru kwa mkono, kisha naye huwawashia wengine, hata baada ya afande kukunja tochi yake na kwenda kula. Hivyo mwendo wa 50 huendelea kwa saa nzima bila kusimamiwa na yeyote, na serikali haijatoa senti.

Biashara je? Kwenye kilometa 100 kwa saa hakuna mtu aliyewahi kununua muhogo wa kuchoma. Muuza korosho, muuza maji, mama wa mahindi na kijana mwenye trei la mayai ya kuchemsha aliyeifunga chumvi kwenye karatasi, wote wanaishi kwa hisani ya kibao, rasta na mshika bendera. Bendera nyekundu ikipanda, soko linafunguliwa. Linganisheni na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024. Inapita Pugu na Soga, inafika kilometa 160 kwa saa, na abiria wake wanaijua Soga kwa tangazo la spika. Mtu wa basi aliyekwama kwenye daivasheni ya Kiluvya anajua bei ya fenesi, anajua nani kafungua duka la mbao, na akiuliza vizuri ataambiwa jambo wasilolijua wasafiri wengi: kwamba kata ya Kiluvya ni ya Wilaya ya Kisarawe, na yeye aliyedhani bado yuko Dar es Salaam ameshavuka mkoa.

Wanaokilaumu kibao husema kinawala muda. Tupige hesabu. Kilometa 19.2 kwa mwendo wa 50 ni dakika 23. Kwa 80 ni dakika 14 na kidogo. Tofauti ni dakika tisa kasoro, ambazo dereva huyohuyo atazitumia Maili Moja kubishana kama ilikuwa 71 au 69. Hesabu ya pili haina utani sana. Gari la 50 linakwenda mita 14 kwa kila sekunde, la 100 mita 28. Lakini ukizidisha mwendo mara mbili, urefu wa kufunga breki unazidi mara nne. Kijana mwenye koleo anahitaji sekunde mbili au tatu kuruka mtaro. Hospitali ya Tumbi, ambayo chanzo chake ni kituo kilichojengwa na nchi za Nordiki kuanzia mwaka 1963 kwa ajili ya elimu, afya na kilimo, imekuwa kwa miaka mingi mlango wa kwanza wa majeruhi wa barabara hii. Wauguzi wa pale hawajawahi kunung'unika kwamba magari yanakwenda polepole.

Nisifiche udhaifu wa ninayemsifu. Vibao vya muda vina tabia ya kusahaulika. Mkandarasi ameondoka, mapipa yameondoka, lami inang'aa, lakini kibao bado kipo kazini kama mstaafu ambaye hajapewa barua. Na mwenzake wa kufuta 50, ambaye ndiye angewaachia huru madereva, mara nyingi hayupo: amegongwa na lori, au amebebwa usiku kwenda kuuzwa vyuma chakavu. Wakala wa barabara, TANROADS, wamelalamika sana juu ya wizi huo. Matokeo yake 50 inaanza mahali panapojulikana na kuishia popote dhamiri yako itakapokutuma, na dhamiri ya afande aliye chini ya mkorosho ni ndefu kuliko yako. Wengine wanaita mtego. Mimi naona ni umilele, na vitu vya milele ni vichache Pwani.

Kwenda Kisarawe mjini, ukipanda kutoka Pugu ukiiacha misitu na Minaki, mambo ni tofauti, na ukiendelea kuelekea Maneromango, barabara iliyopigwa lami kipande kwa kipande, kibao hakina kazi kubwa. Shimo linamaliza kila kitu. Halihitaji betri, halitumi picha, halipokei simu kutoka juu. Nalo lastahili sifa zake, lakini lisubiri zamu.

Waingereza, ambao kibao cha matengenezo ya barabara kuu kwao husema maili 50, yaani kilometa 80, wana kamera zinazopima wastani wa mwendo wako kutoka nguzo moja hadi nyingine, hivyo mchezo wetu wa kufunga breki mbele ya mti na kukanyaga mafuta baada yake huko haupo. Hata hivyo mwaka 2020 walianza kulegeza hadi maili 60 pale panaporuhusu. Sisi hatujafikia utovu huo wa msimamo.

Kuna hofu kwamba siku za kibao zinahesabika, kwa kuwa imepangwa barabara ya haraka kutoka Kibaha hadi Chalinze na Morogoro, kilometa 205, kwa ubia na sekta binafsi, ya kulipia. Madereva wanaiota. Wasisahau kwamba kipande cha Kibaha hadi Chalinze peke yake ni kilometa 78.9, na barabara haidondoki toka mbinguni. Itachimbwa, na palipo na kuchimba pana pipa, reflekta, mshika bendera na kibao. Ikimalizika, dereva atalipa tozo getini ili apewe mahali pa kukimbia, na mbele kidogo, chini ya mkorosho, atalipa elfu thelathini kwa kuwa amekimbia.