Hongera kwa Kazi

Hongera, mwenzangu, kwa kibarua. Tajiri yuko Menlo Park, California, hakujui, na zamu yako inaanza kabla hujapiga mswaki. Unaipiga picha chapati, upande usioungua, unaipamba kwa maneno, unawajibu wenye kisirani. Simu yako, chaji yako, bando lako. Hata kuli wa bandarini hanunui meli!

Mwaka 2023 tajiri huyo, kampuni ya Meta, alikusanya karibu dola bilioni 135, takriban zote za matangazo yaliyopachikwa kati ya chapati yako na harusi ya jirani. Fungu lako? Vidole gumba, kimoja cha shangazi aliyebonyeza kwa bahati mbaya.

Ulipougua ukanyamaza, tajiri hakukujulia hali. Alikuletea orodha ya watu ambao huenda unawafahamu. Mmojawapo mumeo.